Tuwaachie Watoto Mchezo, Tuwanyime Kamari



Safari hii tunapenda kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo mno kwa ukurasa wa padre, nalo ni gemu, ile michezo inayochezwa katika runinga na katika simu. Tumelichagua kwa sababu linasemwa sana barazani, sokoni, na hata kwenye milango ya makanisa na misikiti yetu, na kwa kadiri tunavyolisikia, linasemwa kombo. Wazazi wengi wanataka vibanda vya gemu vifungwe, kwa maelezo kwamba ndivyo vinavyowaharibu watoto. Sisi tunasema wazi tangu mwanzo kwamba hatukubaliani nao. Tunawaomba uvumilivu hadi mwisho, kwa maana uchungu wao ni wa haki, ila wanabisha hodi katika nyumba isiyo na mwizi.

Tembeeni jioni moja kandokando ya barabara kuu iendayo Lindi, pale Kibiti, au Bungu, au Jaribu Mpakani. Mtakuta kibanda cha mabati chenye runinga mbili au tatu, mabenchi ya mbao, na mashine za PlayStation 2 ambazo zimefunguliwa na kufungwa tena na mafundi mara nyingi. Pedi zake zimezungushiwa utepe mweusi. Vijana wanacheza mpira wa kwenye kioo kwa shilingi mia chache kwa mechi, na wasiocheza wamesimama nyuma wakitoa mafunzo ya ukocha ambayo hakuna aliyewaomba. Kuna kelele nyingi na kuna utani. Hicho ndicho kibanda tunachotaka kukifunga.

Sasa sogeeni hatua chache. Mtaikuta mashine ya bonanza, ambayo wengine huiita dubwi, inameza sarafu za shilingi mia mbili. Haina kelele za watu, maana kila mmoja anapambana nayo peke yake. Mbele kidogo yupo kijana aliyeinamia simu, anapanga mkeka wa mechi za Ulaya, na mwenzake anakitazama kindege cha Aviator kikipaa, akijaribu kuiondoa fedha yake kabla hakijatoweka. Hakuna anayewapigia kelele hawa. Kinyume chake, redio zetu zinawaimbia, na mabango yanawachekea. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibanda cha PlayStation hakijapata kununua tangazo redioni.

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Chanzo cha mkanganyiko huu, kwa maoni yetu, ni neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu bao ni mchezo, mpira ni mchezo, na kamari nayo imepewa jina la heshima, ikaitwa mchezo wa kubahatisha. Sheria yetu ya mwaka 2003 inaiita hivyo, na Bodi inayoisimamia inaitwa hivyo. Hatuna ugomvi na watunga sheria kuhusu jina. Tunachosema ni kwamba jina moja limefunika vitu viwili visivyo na undugu. Mwenye mchezo wa kwanza anakuuzia muda wa kufurahi, nawe unajua bei yake kabla hujaketi. Mwenye mchezo wa pili anakuuzia tumaini, na bei yake utaijua ukiinuka. Mashine ya bonanza imetengenezwa ili kwa muda mrefu irudishe pungufu ya ilichomeza. Mwenye nayo hana haja ya kumwibia mtu. Hesabu inamfanyia kazi hiyo usiku na mchana.

Kanisa halikulichukia hilo la kwanza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kama kuna fadhila katika kucheza, naye akajibu kwamba ipo. Alieleza kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na kama upinde unaovutwa bila kulegezwa mwishowe huvunjika. Akaongeza neno ambalo wazazi wakali wangelitafakari: mtu asiyejua kabisa kufurahi, na anayewanyima wengine furaha, naye ana kasoro. Thoma aliweka mipaka pia. Mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usimtoe mtu katika utu wake, na uwe na wakati wake na mahali pake. Mipaka hiyo tutaihitaji hivi punde.

Kuhusu kamari, Katekisimu inafundisha kwa uangalifu kwamba bahati nasibu na dau si dhuluma kwa asili yake, bali huwa ovu zinapomnyima mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya wale wanaomtegemea. Tena inaonya kwamba tamaa ya kamari huweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika vijiji vyetu, wamekatazwa kamari moja kwa moja katika Kurani. Basi katika jambo hili padre na shehe wa Kibiti hawana sababu ya kutofautiana.

MBACHAO NA MSALA

Tuirudie ile mashine kuukuu ya kibandani, maana ina somo ambalo hatukulitarajia. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, ikanunuliwa duniani kote kwa idadi inayozidi milioni 155, na kiwanda kikasitisha kuitengeneza mapema mwaka 2013. Katika mfululizo wa FIFA, toleo la mwisho kutengenezewa mashine hiyo ni FIFA 14, la mwaka huohuo wa 2013. Maana yake ni kwamba vijana wetu wanacheza mpira wa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na wachezaji wengi waliomo wamekwisha kutundika viatu. Wako vijana mjini wanaowacheka kwa hilo. Sisi hatuwacheki hata kidogo.

Gemu la zamani lina sifa tatu. Kwanza, ukishalipata, ni lako. Haliji mwezi ujao kukudai tena. Pili, lina mwisho: dakika zikiisha, mpira umekwisha, na pedi inakwenda kwa mwingine. Tatu, halikujui wewe ni nani, wala halikuiti usiku ukiwa umelala. Sisi tuliokuwa vijana mwanzoni mwa miaka ya 2000 tunamkumbuka yule nyoka wa simu za Nokia, aliyeanza mwaka 1997, jinsi alivyokuwa akirefuka hadi akajigonga. Alitupotezea muda kweli, lakini hakupata kutuomba hata shilingi moja, na alipojigonga alitunyamazia. Ndiyo sababu mtu mzima akimrudia leo anatabasamu. Tetris, lililobuniwa Moscow katikati ya miaka ya 1980, bado linachezwa kwa sababu hiyohiyo: lilikamilika siku lilipotengenezwa, kama bao lilivyokamilika zamani na mashimo yake 32 na kete zake 64, likawa halihitaji toleo jipya kila mwaka.

Gemu jipya ni mnyama mwingine. Mengi ya haya hutolewa bure, na ndipo ujanja unapoanzia. Unapakua bila kulipa, unacheza siku tatu, kisha unaonyeshwa kasha lililofungwa: lipia ulifungue, huenda ukampata mchezaji bora, huenda ukapata takataka. Hata yanayonunuliwa kwa fedha nyingi yana makasha hayo. Katika mfululizo wa FIFA desturi hii ilianza mwaka 2009, na inaendelea hata baada ya mfululizo huo kubadili jina mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC. Tunauliza kwa utaratibu: kulipa fedha ili ufungue kitu usichokijua, kwa tumaini la kupata chenye thamani, kuna jina gani jingine? Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia kamari ilijibu mwaka 2018 kwamba makasha ya namna hiyo yanavunja sheria ya kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni husika ikaacha kuwauzia Wabelgiji sarafu za kuyafungulia. Kwa kutenda haki tuseme pia kwamba Uholanzi, mwaka 2022, mahakama ya juu ya mambo ya utawala iliona vinginevyo na kuifuta faini waliyokuwa wametozwa. Wanasheria wanaweza kuendelea kubishana. Mzazi hahitaji kusubiri hukumu yao ili aone mwanawe anafundishwa nini.

Anafundishwa kwamba furaha iko ndani ya kasha linalofuata. Mtoto aliyelishwa somo hilo akiwa na miaka kumi, mkeka na kindege vitamkuta amekwisha kuhitimu. Hapa ndipo tunapoutumia ule usemi wa wazee wa pwani: usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana mwenye PlayStation kuukuu na rafiki wanne pembeni yake ana kitu bora kuliko mwenye simu mpya na kasha la kufungua peke yake gizani.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Tunajua mtakayotujibu. Wa kwanza atasema: Padre, gemu lenyewe hulevya hata bila fedha. Ni kweli, wala hatutaki kulificha. Shirika la Afya Duniani liliridhia mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kutawaliwa na gemu, umewekwa kundi moja na ule wa kutawaliwa na kamari. Lakini someni masharti yake. Hawasemi kwamba kila achezaye ni mgonjwa. Wanamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, aliyeuweka mchezo mbele ya mambo yote, na anayeendelea ingawa anaona maisha yake yanaharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu mwaka mzima. Wazee wetu walimjua mtu wa aina hiyo kabla ya runinga. Alikuwa akikesha kwenye bao huku shamba lake likiota magugu na nguruwe wakimaliza mpunga wake. Alionywa, akatungiwa utani, akaitiwa wajomba zake. Hakuna aliyependekeza mabao yote ya kijiji yachomwe moto.

Wa pili atasema: gemu za bunduki zinafundisha kuua, nasi Kibiti tumeonja. Hapa tunaongea taratibu, kwa sababu kidonda hiki ni cha kwetu. Mnaikumbuka miaka ya 2016 na 2017, jinsi viongozi wa vijiji na watu wengine walivyouawa mmoja baada ya mwingine, na jinsi tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane walivyouawa kwa pamoja wilayani mwetu. Zipo familia ambazo hadi leo zina kiti kitupu. Kulisema jambo zito namna hiyo kwa wepesi, kwamba limeletwa na pedi na kioo, ni kuwakosea heshima wafu wetu. Hatujapata kuonyeshwa kibanda kilichozaa muuaji. Bunduki ziliijua nchi hii kabla ya umeme: Majimaji ilianza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini tu mwa Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 Waingereza waliiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg humu humu katika mikono ya mto wetu, kati ya mikoko. Hakuna kati ya hao aliyejifunzia vita kibandani.

Hata hivyo tunakubali nusu ya hoja. Liko gemu liitwalo Grand Theft Auto: San Andreas, la mwaka 2004, linalopendwa sana katika vibanda. Watengenezaji wenyewe waliliuza kama mchezo wa watu wazima. Kibandani hakuna anayeliona onyo hilo, kwa kuwa gemu limekuja ndani ya flashi bila kasha wala maandishi. Mtoto wa darasa la nne hana kazi nalo, na mwenye kibanda anayemwekea anajua anachokifanya. Huyo aitwe na aonywe kwa jina lake, bila kuwaadhibu wenzake wote.

Na kuhusu miaka ile, tuna neno moja la kuongeza. Nabii Zakaria, katika sura ya nane, alipotaka kuwaeleza Wayahudi amani itafananaje, hakuwatajia majeshi wala kuta. Aliwaonyesha wazee wameketi katika njia za mji na fimbo zao mkononi, na watoto wamejaa mitaani wakicheza. Waliokuwapo Kibiti mwaka 2017 wanajua jioni isiyo na sauti za watoto ikoje. Leo tukisikia vijana wakizomeana kwa bao lililofungwa na mchezaji aliyekwisha kustaafu, tunasikia sauti ambayo tuliwahi kuililia. Tusiizime kwa haraka.

FEDHA INAKOKWENDA

Msimu wa korosho ndio unaotufumbua macho. Malipo yanapoingia, mashine na mikeka vinachangamka. Yapo mambo yaliyotendeka mbele za watu, ambayo kuyataja si kufichua siri ya mtu: kijana ametumwa kutoka vijiji vya delta kuuza kaa Nyamisati, akarudi na mtumbwi mtupu na mfuko mtupu, mama amesubiri fedha ya sare za shule, akaambiwa mechi moja tu ndiyo iliyochana mkeka. Fungeni vibanda vyote vya gemu vya wilaya, na hakuna hata mmoja kati ya hao atakayepona. Tena huko Salale na Kiongoroni, ambako safari hufuata maji kujaa na kupwa, hakuna haja ya kibanda wala mashine. Simu yenye kamari ndani yake imekwisha kufika kabla yetu.

Na huyo mtoto tuliyemfungia kibanda ataenda wapi? Tunadhani atarudi shambani au kwenye vitabu. Wachache watarudi. Wengi watachukua simu ya kaka, wataingia nyuma ya nyumba, na huko hakuna mwenye kibanda wa kumwambia muda umekwisha, wala mpita njia wa kumuuliza kwa nini hayupo shuleni. Kibanda kina kasoro nyingi, lakini kiko wazi barabarani, na kila mzee apitaye anaweza kuchungulia ndani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, serikali za vijiji ziwaite wenye vibanda na wapatane nao kuhusu mambo machache yanayotekelezeka: asiingie mwenye sare saa za masomo, wadogo waondoke kabla ya usiku kuingia, na gemu za watu wazima zisiwekwe mbele ya watoto. Makubaliano haya yabandikwe ukutani.

Pili, ipo desturi kwamba anayefungwa ndiye anayelipia mechi. Kwa namna ilivyo, fedha inakwenda kwa mwenye kibanda, na mshindi haondoki na kitu zaidi ya majigambo. Hatuioni kuwa dhambi. Lakini siku vijana wanapoanza kuwekeana dau ili mshindi atie fedha mfukoni, kamari imekwisha kuvuka kizingiti. Mwenye kibanda akiiruhusu, amekigeuza mwenyewe kibanda chake kuwa nyumba ya pili.

Tatu, mashine za bonanza na mikeka visiguswe na watoto. Hili halihitaji sheria mpya. Sheria iliyopo imeweka umri wa miaka 18, na kila mtu mzima anayemwona mtoto amesimama kwenye ile mashine akapita kimya ameshiriki katika kuivunja. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu, padre na shehe, sote tunapita pale kila siku.

Nne, wazazi, namba yenu ya siri ya fedha za simu isijulikane na mtoto, na simu isilale chumbani kwake. Kisha ombeni awaonyeshe anachocheza. Muulizeni maswali matatu: Je, lina mwisho? Je, linaomba fedha baada ya kuanza? Je, unacheza na nani? Majibu yake yatawafundisha zaidi ya mahubiri yetu.

Tano, na hili ni la sisi watu wazima: tuache kubeti mbele ya watoto kisha tukawafokea kwa kucheza mpira wa runinga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba anayechana mkeka wa fedha ya chakula hana ulimi wa kumkemea mwanawe aliyefungwa mabao matatu kibandani kwa shilingi mia chache.

Wapendwa, anayetaka kutetea watoto wa Kibiti na wa delta ana kazi kubwa mbele yake, nayo inahitaji ujasiri, kwa kuwa adui yake ana fedha, ana matangazo, na ana leseni. Kumpiga mwenye kibanda cha mabati ni rahisi. Hana wa kumtetea. Ndiyo maana juma hili tumemtetea sisi. Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda, na amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu.